Kazi kwa Mikono

Watu wanaojinyonyoa nywele wanazijua saa zao. Kwa mwanafunzi ni saa ya kujisomea usiku, daftari liko mbele na kichwa kimeegemezwa kwenye kiganja cha kushoto. Kwa karani ni foleni ya Ubungo jioni, gari halisogei na redio inaongea peke yake. Kwa mama mwenye nyumba ni baada ya watoto kulala, ameketi kwenye kochi, tamthilia inaendelea, na vidole vimeshapenya chini ya mtandio bila kutumwa. Vinapapasa unywele mmoja mmoja, vinatafuta ule ulio tofauti na wenzake: mnene zaidi, mgumu zaidi, uliojisokota kwa namna yake. Vikiupata vinauvuta. Maumivu huwa kidogo, au hayapo kabisa, kisha hufuata utulivu mfupi sana, na vidole vinarudi kutafuta mwingine. Tamthilia ikiisha kuna kifungu cha nywele kwenye mkono wa kochi, na utosi unawaka.

Mimi ni mmoja wao. Nilianza nikiwa darasa la sita, na utu uzima wangu wote nimeishi na tabia hii kama wengi wanavyoishi nayo, kwa vilemba, kwa visingizio na kwa kukwepa saluni. Ninataka kuandika kuhusu mazoezi ya mwili, kwa sababu yamenisaidia kuliko maonyo yote niliyowahi kupewa. Na zaidi ya hapo ninataka kueleza kwa nini yanasaidia, maana nimeona sababu hiyo ikieleweka vibaya, na pale ilipoeleweka vibaya mazoezi yenyewe yaligeuka kuwa adhabu.

Katika vitabu vya tiba tabia hii huitwa trikotilomania. Aliyeipa jina hilo ni François Henri Hallopeau, daktari wa ngozi wa Ufaransa, mwaka 1889, baada ya kumchunguza kijana aliyekuwa akijing'oa nywele mafungu mafungu. Makadirio ya watafiti ni kwamba mtu mmoja au wawili katika kila mia huipata, na mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 10 na 13. Kwa hesabu hiyo, kwenye ukumbi wa harusi wenye wageni 300, watatu hadi sita wanazijua saa nilizozieleza. Huwezi kuwatambua kwa sababu wamejifunza kutotambulika. Mmoja amevaa wigi, mwingine amefunga ushungi, wa tatu ni mwanamume aliyenyoa kipara na wenzake wanadhani ni mtindo.

Kwa mtoto mambo huanza kwa kukosewa. Akionekana na duara la ngozi tupu kichwani, nyumbani hupakwa dawa ya mapunye. Dawa isipofanya kazi maneno huanza: ana pepo, kuna mtu kamchezea, mtoto mdogo hivi ana mawazo gani. Shuleni jambo hufichika tena, kwa kuwa katika shule nyingi za serikali Tanzania wasichana hutakiwa kunyoa nywele zikabaki fupi sana, na mkono unakosa cha kushika. Watu wazima huona limekwisha. Kwangu lilihamia kwenye nyusi. Tulipomaliza kidato cha nne, wenzangu wakifurahia kufuga nywele na kwenda kusuka, mimi nilizitazama zangu zikirefuka kwa hofu, kwa kuwa nilijua zinarefukia nini.

Neno tunaloambiwa kuliko mengine yote ni "acha". Mama humwambia binti yake, mume humwambia mke wake, shangazi hulisema akiwa ameushika mkono wako na kuuweka mapajani, kwa upendo kabisa. Lingekuwa na nguvu kama jambo lenyewe lingeanzia kwenye uamuzi. Mwaka 2002 Joy Greer na Mario Capecchi, wa Chuo Kikuu cha Utah, walieleza habari za panya waliovurugwa jeni moja iitwayo Hoxb8. Panya hao walijisafisha kupita kiasi mpaka wakabaki na mabaka yasiyo na manyoya na vidonda juu yake, na waliwasafisha vivyo hivyo wenzao waliowekwa nao. Mwaka 2010 maabara hiyo hiyo ilionyesha kwamba panya hao wakipandikizwa uboho wa panya wasio na kasoro hiyo, tabia hupungua na manyoya huota tena. Panya si mtu, na hakuna anayependekeza kumpandikiza mtu uboho kwa ajili ya nywele. Lakini tangu niisome habari ile, siwezi kumsikia mtu akimwambia binti kwamba hana msimamo, nami nikanyamaza.

Fred Penzel, mwanasaikolojia wa Jimbo la New York ambaye amewatibu watu wa namna yetu kwa miaka mingi, alitoa maelezo ninayoyaona kuwa karibu zaidi na maisha yangu. Anasema mwili unajaribu kujisawazisha. Ukizidiwa na msisimko, kwa hofu, hasira, mtihani au deni, mkono huenda kichwani ili kuupunguza. Ukikosa msisimko, kwa uchovu, upweke au kukaa mahali pamoja muda mrefu, mkono huo huo huenda kichwani ili kuuongeza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilijinyonyoa wakati wa msiba wa babu, na kwa nini nilijinyonyoa vilevile Jumapili mchana, nimeshiba, sina deni, hakuna aliyeniudhi. Watu hudhani ni msongo wa mawazo tu, na ushauri wao ni kupumzika. Kupumzika! Kwa wengi wetu hakuna mahali pa hatari kushinda kochi.

Hatari hiyo ya kukosa msisimko inaonekana waziwazi kwa kasuku. Kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, amekamatwa na kusafirishwa kwa wingi kwenda kufugwa majumbani ng'ambo, na wafugaji wake wanaijua sana tabia yake ya kujinyonyoa. Unamkuta ana kifua kitupu cha ngozi ya waridi, mbawa zimechakaa, na kichwani manyoya yote yapo, kwa sababu mdomo wake haufiki huko. Porini angeruka masafa marefu na kushinda akitafuta chakula. Kizimbani chakula kiko kwenye kibakuli, anakimaliza mapema, na siku nzima inabaki. Mwaka 2003 watafiti wa California walichapisha matokeo ya jaribio kwa kasuku wachanga wa jamii ya Amazon. Waliwapa chakula kilichofichwa, cha kutoboa, cha kufungua na cha kuhangaikia, pamoja na vitu vya kupanda na kutafuna. Waliopewa mambo hayo mapema walikingwa na tabia hiyo, na waliokuwa wameshaanza kujinyonyoa walipata nafuu. Hakuna aliyefungwa mdomo. Midomo ilipewa kazi.

Nilipoisoma habari hiyo niliacha kuuona mkono wangu kuwa mwizi wa kuviziwa. Nilianza kujiuliza unatafuta nini, na kama kinapatikana kwingine.

Tiba yenyewe imejengwa karibu na wazo hilo. Mwaka 1973 Nathan Azrin na R. Gregory Nunn wa Marekani walieleza njia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa matibabu ya tabia hii. Kwanza mtu anajifunza kuutambua mkono unapoanza safari, kabla haujafika. Kisha anaupa tendo jingine lisiloweza kufanyika pamoja na kunyonyoa, na la kawaida ni kukunja ngumi na kuikaza kwa dakika moja hadi tatu. Ukiitazama vizuri, ngumi ile ni zoezi. Misuli inakaza, inachoka, inalegea. Kukimbia, kuogelea, kuruka kamba ni ngumi hiyo hiyo iliyoenezwa mwili mzima.

Faida ya mazoezi ni kwamba yanajibu haja zote mbili, ya kupunguza msisimko na ya kuuongeza. Uliyezidiwa na hofu, moyo wako sasa unadunda kwa sababu unayoijua, pumzi inapanda kwa kazi uliyoichagua, na ukisimama vyote vinashuka pamoja, na hofu kidogo inashuka navyo. Uliyekosa msisimko, umepata jasho, upepo usoni, changarawe chini ya raba, joto mapajani, mambo ambayo ngozi na misuli inayahisi kwa nguvu kuliko kidole kinavyouhisi unywele. Usiku wake unalala mapema. Usingizi ni sehemu ya tiba isiyosemwa sana: kukesha ndiko kunakoufungulia mkono njia, na mwili uliofanya kazi haukeshi kirahisi.

Si kila zoezi linafaa sawa, hata hivyo. Kutembea polepole ukiwa na mikono mitupu na mawazo mengi kunaweza kuwa sawa na kukaa kwenye kochi linalosogea. Nimewahi kujinyonyoa nikitembea. Mikono inataka kuhusishwa. Kamba ya kuruka inaishika yote miwili. Kuogelea kunaishughulisha kwa kila pigo. Pushapu zinaikandamiza sakafuni. Kupiga makasia, kutwanga, kuchota maji kisimani, kupiga mfuko wa ngumi, vyote hivyo vinaiacha mikono imechoka kwa namna nzuri, na mkono uliochoka hivyo ukipanda kichwani unapanda kwa uvivu, na unautambua njiani.

Aliyesoma Tanzania anaukumbuka mchakamchaka. Alfajiri bado kuna ukungu, mistari imepangwa, mwimbishaji anaanza, wote wanaitikia, na miguu inagonga ardhi kwa pamoja. Hatukuambiwa kwamba unatibu chochote, tuliambiwa unatukakamaza. Ninapoufikiria sasa naona ulikuwa na kila kitu ambacho mtu kama mimi anakihitaji. Wimbo umeishika pumzi, makofi yameishika mikono, macho yanamfuata aliye mbele, na hubaki peke yako na kichwa chako hata kidogo. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vimeurithi mtindo huo. Mwisho wa juma, kabla jua halijawa kali, utawakuta barabarani Temeke, Mbagala, Kinondoni, fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha na wengine wanajibu, vijana na mama wa makamo pamoja. Mimi hukimbia na kikundi cha namna hiyo. Wanajua kwamba napenda vilemba. Sijaulizwa zaidi.

Kuna mazoezi ya siku na kuna mazoezi ya dakika. Kwa yale ya siku, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi. Kiwango hicho kimewekwa kwa afya ya kila mtu, na kwetu kinatosha kuwa lengo. Mazoezi ya dakika ni yale unayoyafanya hamu inapokuja. Hamu ya kunyonyoa hupanda, hufika kileleni, na hushuka yenyewe ikipewa muda, na kazi ni kuuvuka ule muda. Kamba yangu inaning'inia karibu na mlango wa uani kwa sababu hiyo. Ukiwa ofisini, ngazi zinafaa. Ukiwa kwenye foleni, kaza ngumi kwenye usukani, legeza, kaza tena.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mazoezi yanayotufaa sana ndiyo tunayoyaogopa sana. Kuogelea kunalowesha nywele na kufichua mabaka. Kukimbia ufukweni kunataka kubishana na upepo wa bahari. Wigi halikai sawa kwenye kuruka kamba. Ukumbi wa mazoezi una taa kali na vioo kila upande, na kioo kwa mtu kama mimi ni kichocheo, si mapambo. Fikiria msichana wa kidato cha tatu katika shule inayoruhusu kusuka. Ana baka utosini, analificha kwa kuvuta suko moja juu ya jingine. Alikuwa mchezaji mzuri wa netiboli. Kwenye netiboli watu wanarukiana, wanagongana, nywele zinavutwa kwa bahati mbaya. Ataanza kusema ana pumu. Kisha atasema yuko hedhini, wiki tatu kati ya nne. Mwalimu ataandika kwamba ni mvivu. Atakaa pembeni ya uwanja, mikono haina kazi, anawatazama wenzake, na vidole vitafanya kile vinachokijua. Aibu imemwondoa uwanjani, na kuondoka uwanjani kumemrudisha kwenye kunyonyoa, na kunyonyoa kumeongeza aibu.

Kwa hiyo kumwambia mtu huyu afanye mazoezi, ukaishia hapo, ni kumtuma aende akakutane na aibu yake peke yake. Lazima kichwa kipate sitara kwanza. Kaskazini mwa Unguja, wasichana wa Mradi wa Panje wamejifunza kuogelea baharini wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima na kichwa. Mavazi hayo yalitafutwa kwa sababu za dini na heshima, na hakuna aliyeyafikiria kwa ajili ya mabaka ya kichwani, lakini nilipoziona picha zao nilizitazama kwa muda mrefu. Sitara na maji vilikuwa pamoja. Kofia ya mpira ya bwawani nayo inafanya hivyo hivyo: inamfanya kila muogeleaji afanane na mwenzake. Kuna kitambaa cha kufunga kichwa, kuna ukumbi wenye saa za wanawake peke yao, kuna uani kwako. Mtu asione haya kuanzia uani.

Na kuna suala la adhabu. Wengi wetu tulikutana na mazoezi shuleni kama malipo ya kosa. Umechelewa namba, ruka kichura. Umepiga kelele, zunguka uwanja. Mwili ulijifunza kwamba jasho la namna hiyo ni la mkosaji. Nimewasikia wazazi wema wakisema wanamrusha mtoto kichura kila wanapomkuta na mkono kichwani, wakiamini wanamsaidia, na pengine wamesikia mahali kwamba mazoezi yanasaidia. Nawasihi waache. Mtoto huyo atajifunza mambo mawili, kunyonyoa akiwa chooni ambako hawamwoni, na kuchukia kuruka. Watu wazima nao hujifanyia hivyo. Jana nilijinyonyoa, leo nakimbia mara mbili zaidi, nisipomaliza sili. Hapo mazoezi yamejiunga na upande wa aibu. Kamba ichukuliwe kabla, au wakati hamu inapanda. Ikiwa umeshanyonyoa, osha uso, kunywa maji, na mazoezi ya kesho yabaki yale yale uliyoyapanga.

Nitaje pia jasho, kwa sababu hakuna aliyenionya. Jasho likikaukia kichwani linawasha, na muwasho unaita vidole. Osha kichwa mapema, kikaushe, paka mafuta mepesi. Na dakika za mwanzo baada ya mazoezi, ukiwa umejitupa kitini kwa uchovu mtamu, mikono ipe kikombe cha chai ya moto.

Mazoezi hayatoshi peke yake, na sipendi mtu yeyote aache tiba kwa sababu yangu. Tafiti za mazoezi kwa tabia hii hasa ni chache; ushahidi wenye uzito uko kwenye ile tiba iliyoanzia kwa Azrin na Nunn. Kuna dawa pia zinazojaribiwa. Mwaka 2009 Jon Grant na wenzake waliwapa watu wazima N-asetilisisteini kwa wiki 12, na waliopata nafuu walikuwa wengi zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Jaribio la baadaye kwa watoto halikuonyesha faida hiyo. Anayemeza nywele zake, kisha tumbo likawa linauma, anatapika au hamu ya kula imekwisha, aende hospitali bila kusubiri, kwa kuwa nywele haziyeyuki tumboni na zinaweza kujifunga na kuziba njia ya chakula. Najua kikwazo. Akitajiwa daktari wa magonjwa ya akili, Mtanzania anasikia Mirembe na Mkenya anasikia Mathari, hospitali za wagonjwa wa akili, na mazungumzo yanafia hapo. Lakini idara za afya ya akili zipo kwenye hospitali za kawaida, Muhimbili mojawapo, na unaingia na kutoka kwa miguu yako kama aliyekwenda kupima macho.

Mkono wangu bado hupanda. Nywele huota polepole, karibu sentimita moja kwa mwezi, na pale zilipong'olewa kwa miaka mingi huenda zisirudi kabisa. Kilichobadilika ni kwamba sasa nina jibu la kuupa mkono, na siku nyingi jibu hilo unalikubali. Nikiwa barabarani na kikundi, tunapofika kwenye mlima mdogo na wimbo unapanda sauti ili utuvushe, hupita muda mrefu bila kukumbuka kwamba nina nywele.

Ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na walimu wa michezo wote kwa pamoja, ningewaomba kitu kimoja kisichohitaji bajeti. Waruhusu vichwa vifunikwe uwanjani, kwa yeyote anayetaka, bila kumuuliza kwa nini na bila kumtaka alete cheti. Anayetaka kofia avae kofia, anayetaka mtandio aukaze vizuri, filimbi ipigwe, na mchezo uanze.